Panda Gari: Jinsi Mipaka ya Dola Inavyofutwa Uganda

Maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua mama yangu yalikuwa amri. Simama. Lala chini. Toa kitambulisho. Panda gari. Alikuwa msichana wa Kampala, nyumbani kwao wakisema Kiganda, na Kiswahili alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani tu, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Alipoolewa Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani, alikuta watu wakiuziana samaki, wakichumbiana na kuzikana kwa lugha ileile. Anasema ilimchukua muda mrefu kuzoea kwamba Kiswahili kinaweza pia kumwambia mtu "karibu chakula".

Kwetu Uganda "panda gari" ni jina la msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajeshi walikuwa wakizingira mtaa alfajiri, wanawatoa watu nje, wanawachambua mmoja mmoja, kisha wanawapakia waliowachagua kwenye malori. Kuna waliorudi jioni, na kuna ambao hadi leo jamaa zao hawana kaburi la kupalilia. Aliyepakia hakuonyesha hati ya mahakama. Aliyepakiwa hakusomewa kosa.

Nimejiuliza kwa miaka mingi nchi ilifikaje kwenye lori lile, maana haikuzaliwa hivyo. Tarehe 9 Oktoba 1962 tulipokea katiba iliyozungushiwa nyua pande zote: waziri mkuu anayewajibika bungeni, falme zenye madaraka yake, Buganda na baraza lake la Lukiiko, mahakama huru, sura nzima ya haki za raia. Miaka minne haikutimia kabla nyua hizo hazijaanza kung'olewa. Jibu ninalolisikia sana ni kwamba tulipatwa na watu wabaya, Obote kisha Amin. Jibu hilo linafariji kwa sababu linatuacha sisi wengine bila doa, nami silikubali. Kila mtawala aliyetuumiza aliingia kwa mlango uliofunguliwa na aliyemtangulia, na mara nyingi mlango huo ulifunguliwa mchana kweupe, kwa kura au kwa hukumu, watu wakishangilia.

Tuanze na mwaka 1966. Februari ya mwaka huo Bunge lilipitisha hoja ya kuchunguza tuhuma za dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo, tuhuma zilizomgusa Waziri Mkuu Milton Obote na afisa mmoja wa jeshi aliyeitwa Idi Amin. Tarehe 22 mawaziri watano walikamatwa wakiwa ndani ya kikao cha baraza la mawaziri Entebbe. Siku mbili baadaye katiba ikasimamishwa. Tarehe 15 Aprili wabunge waliombwa kupitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma. Waliambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Waganda mpaka leo wanaikumbuka kwa jina hilo, katiba ya visanduku. Tarehe 24 Mei jeshi likaishambulia Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, na Kabaka Mutesa, ambaye ndiye aliyekuwa rais wetu wa kwanza, akakimbilia uhamishoni. Alifia London mwaka 1969.

Obote alikuwa na hoja zake na ni haki zitajwe. Lukiiko ilikuwa imeitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, na hakuna kiongozi wa nchi anayesikia kauli kama hiyo akalala usingizi. Lakini kauli hiyo ilitoka Mei, karibu miezi mitatu baada ya katiba kusimamishwa. Dharura ilizaliwa na hatua ileile iliyodaiwa kuitibu. Nitairudia hoja hii mbele, kwa sababu tumeiona tena zaidi ya mara moja.

Kisha ikaja kesi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aifahamu. Chifu mmoja wa Buganda, Matovu, aliwekwa kizuizini chini ya sheria za hali ya hatari, akaiomba Mahakama Kuu imwachie. Ili kumjibu, majaji wakiongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma ilibidi waamue kwanza kama ile katiba ya visanduku ni katiba kweli. Walichukua nadharia ya Hans Kelsen, mwanasheria wa Austria, wakasema kwamba mapinduzi yakifaulu na watu wakayatii, basi mapinduzi yenyewe ndiyo chimbuko jipya la sheria. Katiba ya Aprili ikapewa uhalali. Waswahili walikwishasema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mlaji nyama, lakini methali inaeleza dunia ilivyo. Hukumu ile iliifanya kuwa sheria ya nchi, na kila mwenye bunduki aliyekuja baadaye alijua kwamba akishinda, mahakama itampigia saluti.

Mengine yalikwenda kwa kasi. Katiba ya 1967 ilifuta falme na kulundika madaraka kwa rais. Sheria ya mwaka huohuo ikaruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Baada ya Obote kupigwa risasi na kujeruhiwa Desemba 1969, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Kwa hiyo Amin alipochukua nchi tarehe 25 Januari 1971 alikuta nyumba imekwishajengwa, yeye akahamia tu. Alisitisha Bunge, akaanza kutunga sheria kwa amri zake, na amri mojawapo ya mwaka ule wa kwanza iliwapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia. Ukikamatwa na askari wa kambini, ulikuwa umekamatwa kisheria.

Mtu mmoja alijaribu kusema hapana akiwa ndani ya nyumba hiyo. Benedicto Kiwanuka aliwahi kuwa kiongozi wa serikali kabla ya uhuru, akafungwa na Obote, akatolewa na Amin na kufanywa Jaji Mkuu. Septemba 1972 aliamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyekuwa akishikiliwa na jeshi. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha walimfuata Mahakama Kuu, wakamtoa ofisini kwake mchana na kumwingiza garini. Mwili wake haujapatikana. Jaji Mkuu wa nchi naye alipandishwa gari. Kama yeye hakuwa na mtu wa kumlilia, msichana wa Kampala aliyesimamishwa kizuizini angemlilia nani?

Najua mahali ambapo kizazi cha mama yangu kiliweka matumaini yake. Baada ya wapiganaji wa msituni wa NRA kuingia Kampala Januari 1986, kiongozi wao Yoweri Museveni aliapishwa kuwa rais akisema haya si mabadiliko ya walinzi tu, ni mabadiliko ya msingi. Watu wengi walimwamini, na walikuwa na sababu. Tume ya katiba chini ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi nzima na kupokea maoni zaidi ya 25,000. Mama alihudhuria kikao kimoja Jinja. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu. Alisimama, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni kwamba mtu asikamatwe bila nyumbani kwake kujua amepelekwa wapi. Akakaa.

Katiba ya 1995 ina jambo hilo. Sisemi waliliandika kwa ajili yake, maana bila shaka maelfu walisema vivyo hivyo. Ibara ya 23 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na akiomba, ndugu zake wajulishwe mapema iwezekanavyo. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 3 inaizika ile hukumu ya Matovu: anayeipindua katiba ni mhaini, hata akifanikiwa. Ibara ya 105 iliweka vipindi viwili vya urais, na ya 102 ikaweka ukomo wa umri wa miaka 75. Waandishi wake walikuwa wamesoma historia na kuuziba kila mlango ambao mwenye bunduki aliwahi kuupita.

Hawakuuziba mlango wa ndani. Katiba inaweza kurekebishwa, na ni sawa iwe hivyo. Lakini kufuli na ufunguo vikiwa mikononi mwa wabunge wanaotegemea mkono mmoja, kinachobaki ni swali la siku gani na bei gani. Mwaka 2005 ukomo wa vipindi viwili uliondolewa. Wabunge zaidi ya 200 walikuwa wamepewa shilingi milioni 5 kila mmoja, ikaelezwa kuwa ni za kushauriana na wapiga kura. Mwaka 2017 ikafika zamu ya umri. Safari hiyo kila mbunge alipewa milioni 29, maelezo yakiwa yaleyale, na wachache wakazirudisha. Tarehe 27 Septemba 2017 maafisa wa usalama waliingia ndani ya ukumbi wa Bunge na kuwaburuta nje wabunge waliopinga. Mitaani vijana walifunga vitambaa vyekundu vichwani wakisema "Togikwatako", usiiguse. Tarehe 20 Desemba ikapita kwa kura 315 dhidi ya 62, na ndani ya muswada huohuo wabunge wakajiongezea miaka miwili ya kukaa bungeni.

Mahakama ya Katiba, ikikaa Mbale Julai 2018, iliifuta hiyo miaka miwili lakini ikaacha kuondolewa kwa umri kusimame. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ilikubali kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Jaji mmoja tu angeyumba upande wa pili, ua ungebaki. Sidhani majaji wale wanne ni waoga au walinunuliwa, na sina haki ya kusema hivyo. Walisoma sheria walivyoiona. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo uzio wake wa mwisho umening'inia kwenye kura moja ilikuwa imepoteza nyuzio nyingine zote kabla ya asubuhi hiyo.

Na mahakama nazo zilikuwa zimeshaonyeshwa bunduki. Tarehe 16 Novemba 2005 Mahakama Kuu Kampala iliwapa dhamana watu walioshtakiwa pamoja na Kizza Besigye, mpinzani mkuu wa Museveni. Watu wenye silaha waliovaa fulana nyeusi waliizingira, washtakiwa wakaogopa kutoka, wakarudishwa gerezani. Magazeti yaliwaita Black Mamba. Tarehe 1 Machi 2007 ikawa tena, na majaji wa nchi nzima wakaweka kalamu chini. Jengo lilikuwa lilelile alikochukuliwa Kiwanuka.

Jambo la karibuni zaidi linanitia uchungu kwa namna ya pekee, kwa sababu safari hii mahakama ilisimama. Tarehe 31 Januari 2025, katika kesi iliyoanzishwa na aliyekuwa mbunge Michael Kabaziguruka, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Wakati huo Besigye alikuwa mbele ya mahakama ya kijeshi, baada ya kutekwa Nairobi Novemba 2024 na kuvushwa mpaka. Kesi yake ikahamishiwa mahakama ya kiraia. Tulipumua. Siku 109 baada ya hukumu, tarehe 20 Mei, Bunge likapitisha sheria mpya ya jeshi inayorudisha raia mbele ya mahakama hizo katika "mazingira maalumu", na Juni rais akaitia saini. Watetezi wake wanasema imeleta masharti bora kuhusu elimu ya sheria ya wenyeviti wa mahakama hizo. Sawa. Lakini tazama neno "maalumu" linavyofanya kazi. Mwaka 1966 lilikuwa hali ya hatari. Mwaka 1967 lilikuwa usalama wa umma. Kila mara lugha inasema hiki ni cha pembeni, cha muda, cha watu wachache hatari. Halafu cha pembeni kinahamia katikati ya nyumba, na sisi tunajifunza kupita kando yake.

Lori lenyewe limebadilika umbo. Baada ya maandamano ya Novemba 2020, ambapo serikali yenyewe ilikiri vifo vya watu 54, ulianza msimu wa magari ya aina ya HiAce yasiyo na namba, ambayo watu waliyapa jina la "drone". Kijana anachukuliwa kituo cha boda, mlango unafungwa, gari linaondoka. Machi 2021 waziri wa mambo ya ndani alipeleka bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wakishikiliwa. Fikiria mama anayesoma orodha kama hiyo gazetini kumtafuta mwanawe, katika nchi ambayo katiba yake inazo zile saa 48 na ile haki ya ndugu kujulishwa.

Watu wengi huishia hapo, kwenye Bunge, mahakama na jeshi. Mimi nadhani mzizi uko chini zaidi, wilayani na mtaani, na huko ndiko dola isiyo na mipaka inakojifunza kutembea bila bunduki.

Chukua kodi ya kichwa. Ilichukiwa, na kwa haki. Mjomba wangu huko Busoga aliwahi kulala usiku mzima kwenye shamba la miwa kuwakwepa wakusanyaji waliopita alfajiri na kamba. Ilipofutwa mwaka 2005, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kijiji kizima kilicheza. Lakini kodi ile ilikuwa mali ya serikali za mitaa. Halmashauri ilikuwa na pesa yake, na mlipaji alikuwa na haki ya kumkoromea mwenyekiti kuhusu barabara. Baada ya hapo wilaya zikabaki zinangoja fungu kutoka Kampala. Zikazidi pia kugawanywa: mwaka 1986 zilikuwa 33, leo zimepita 130. Wilaya ndogo isiyo na pesa yake haiwezi kubishana na mtu. Juu yake amekaa Kamishna Mkazi, anayeteuliwa na rais, anayesimamia kamati ya usalama na ambaye hakuna mkazi wa wilaya hiyo aliyempigia kura. Kampala nayo, mji unaopigia upinzani kura, ilitungiwa sheria yake mwaka 2010, na madaraka ya utendaji yakamwondokea meya aliyechaguliwa yakaenda kwa mkurugenzi wa kuteuliwa.

Nasikia wazee wakijibu, "Kasita twebaka otulo", mradi tunalala usingizi. Siwacheki wanaosema hivyo. Mtu aliyewahi kusikiliza buti nje ya mlango wake saa kumi alfajiri ana haki ya kuuthamini usingizi kuliko ibara yoyote, na amani iliyokuja kusini mwa nchi baada ya 1986 haikuwa ndoto. Kaskazini ingebidi wangoje miaka ishirini zaidi, tukilala sisi. Lakini usingizi unaotolewa kama zawadi unaweza kudaiwa. Wale waliotoa maoni yao kwa tume ya Odoki hawakuomba mtawala mpole. Waliomba kwamba hata akija mkali, asiweze kuwafikia.

Nirudi mtaani, kwenye ngazi ya chini kabisa ya serikali, baraza la mtaa au kijiji tunaloliita LC1. Mwenyekiti wa LC1 hana jeshi wala bajeti. Ana muhuri. Bila barua yake yenye muhuri hupati kitambulisho cha taifa kwa urahisi, hufungui mambo ya kiwanja, na ndugu yako akikamatwa huwezi kumdhamini, kwa kuwa mahakama itakuuliza barua ya utambulisho. Baraza hili lilipoanza lilikuwa shule yetu ya kujitawala. Kisha kuanzia 2001 hadi 2018 hapakuwa na uchaguzi wake hata mmoja. Miaka kumi na saba, wenyeviti wakiendelea kugonga mihuri. Muhula uliofuata ulipoisha mwaka 2023, uliongezwa kwa tangazo, ukaongezwa tena.

Tarehe 10 Julai 2018 ndipo tulipopiga kura, na tulipiga kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Nilikuwa nimemsindikiza mama. Uwanjani palikuwa na mistari miwili, mmoja nyuma ya mwenyekiti wa siku zote na mwingine nyuma ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye mama alikuwa akimsifu mwezi mzima kwamba ndiye anayeweza kuuliza pesa za mtaro zilikwenda wapi. Mawakala walisimama pembeni na madaftari. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwalimu. Alisimama hapo kama dakika tano, akitazama wanaoandika. Kisha akakusanya khanga yake, akavuka uwanja taratibu, watu wote wakimwona, akasimama nyuma ya mwenyekiti.

Njiani kurudi sikutaka kumuuliza, lakini nilimuuliza.

"Mwanangu," alisema, "siku wakimchukua kaka yako, hiyo barua ya dhamana atanigongea nani?"